Tangazo la mtafiti lisilotaja utafiti

Chukua tangazo lolote la nafasi za wanataaluma katika vyuo vikuu vyetu vya sayansi na teknolojia hapa Tanzania, ulisome polepole mpaka mwisho. Juu kuna jina la chuo na sheria iliyokianzisha. Chini yake kuna cheo: Mkufunzi Msaidizi, Uhandisi wa Umeme, nafasi moja, Mhadhiri Msaidizi, Sayansi ya Kompyuta, nafasi mbili. Yanafuata majukumu: kufundisha, kuandaa semina na mafunzo ya vitendo, kusimamia na kusahihisha mitihani, kushiriki katika utafiti na ushauri elekezi, na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Halafu sifa: GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili kwa anayeomba uhadhiri msaidizi. Mshahara ni ngazi ya PUTS, ile ya wanataaluma wa vyuo vikuu vya umma, namba fulani. Baada ya hapo ni masharti tu. Umri usizidi miaka 45. Cheti cha kuzaliwa kiambatishwe. Hati za matokeo za muda hazitapokelewa. Aliyesoma nje ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Mwisho kabisa anuani: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Utafiti umebanwa pale kati ya kusahihisha mitihani na "kazi nyingine atakazopangiwa", jirani ambaye kila mtumishi wa umma anazijua tabia zake.

Ukiuliza mwombaji huyu atakwenda kutafiti nini, tangazo halina jibu. Halitaji maabara. Halitaji kikundi atakachojiunga nacho, wala mtu atakayemlea kitaaluma, wala kama kuna fungu la kununulia hata kemikali za mwaka wa kwanza. Mhandisi wa umeme anayeitwa anaweza kuwa bingwa wa njia za kusafirisha umeme, wa vifaa vya hospitali au wa minara ya simu. Kwa tangazo wote ni mmoja, maadamu GPA imefika.

Nadhani mambo yanaharibikia hapa, kabla hata hatujafika kwenye bajeti tunayoilalamikia kila mwaka. Vyuo vyetu vya teknolojia vinaajiri walimu, kisha vinawadai utafiti wakati wa kupanda cheo. Nafasi ya utafiti yenyewe, yenye swali lake, vifaa vyake na muda wake, karibu haipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa. Na kitu kisichokuwa kwenye ikama, serikalini hakipo.

Linganisha na tangazo la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, DTU, kilichoanzishwa mwaka 1829 kwa juhudi za Hans Christian Ørsted, yule aliyebaini mwaka 1820 kwamba umeme unaopita kwenye waya husogeza sindano ya dira. Nafasi ya uzamivu pale ni ajira ya miaka mitatu yenye mshahara na likizo. Uholanzi nako anayesoma uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, mara nyingi kwa miaka minne. Tangazo la huko huanza na tatizo. Mathalani litasema betri za aina fulani zinachoka mapema, kikundi chetu kinataka kujua kwa nini, mashine tulizonazo ni hizi, utafanya kazi na watu hawa, na unategemewa upime hiki na kile. Sifa za mwombaji huja baadaye, nazo zinatokana na hilo tatizo. Kijana wa Ng'ong'ona, hapa Dodoma, anayelisoma kwenye simu, hata kama hataomba, anajua asubuhi ya kwanza kazini angeanza na kitu gani.

Sisemi kwao ni peponi. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2007 inayowaruhusu waajiri wa vyuo kumweka mtafiti kwenye mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya uzamivu na sita mingine baada yake. Ikiisha bila kupata nafasi ya kudumu, mtu wa makamo anafungasha. Mwaka 2021 wizara yao ya elimu na utafiti ikawa na video ya kuisifia sheria hiyo kwa kumtumia mhusika wa kubuni aitwaye Hanna. Watafiti walichachamaa mitandaoni, kila mmoja akiandika kwamba Hanna ni yeye. Kwa hiyo wenzetu wanakupa kazi iliyoelezwa vizuri juu ya kiti cha kukodi. Sisi tunakupa kiti mpaka kustaafu, na tangu marekebisho ya mwaka 2018 maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wanaweza kukikalia mpaka miaka 65, ila kazi ya kukifanyia haikuandikwa popote.

Kabla ya kulaumu, tuangalie tulivyofika hapa, maana matangazo haya hayakuandikwa na wajinga. Zamani kila taasisi iliajiri yenyewe, na kila mtu anajua hadithi za mpwa wa mkurugenzi na nafasi zilizojazwa kabla ya gazeti kutoka kiwandani. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 ndiyo yaliyozaa Sekretarieti ya Ajira ili mtoto wa mkulima wa Chemba apimwe kwa kipimo kile kile anachopimwa mtoto wa katibu mkuu. Kisha ikaja 2016, ajira mpya na upandishaji wa madaraja vikasimamishwa kupisha uhakiki. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya siku ile, ofisa gani wa ajira angeandika tangazo lisilouliza cheti kwanza? Ule woga una sababu zake, nami naziheshimu.

Na chuo chenyewe ilikopokelewa orodha hiyo kilikuwa bado kichanga. UDOM ilianza mwaka 2007 pale Chimwaga, kwa majengo yaliyogharamiwa kwa sehemu kubwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, ikilenga kuchukua wanafunzi 40,000. Wanafunzi walikuja kwa kasi, kumbi zikajaa, na ikabidi watafutwe watu wa kusimama mbele ya ubao mara moja. Vijana waliomaliza shahada ya kwanza kwa alama za juu waliajiriwa ukufunzi msaidizi kisha wakapelekwa masomoni. Ule ulikuwa uamuzi wa dharura, na ulifanya kazi. Tatizo ni kwamba dharura imepita na fomu imebaki ile ile.

Mfumo wa pamoja una hekima yake kwa kada nyingi. Dereva aliyefaulu usaili akakosa nafasi kwa kuwa walihitajika kumi naye akawa wa kumi na mbili, jina lake huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikitokea taasisi nyingine anapangiwa bila kusailiwa upya. Mhasibu vivyo hivyo. Mtafiti wa maji chini ya ardhi utamtoaje kwenye kanzidata umpeleke panapotafutwa mtu wa vyuma? Wote wanaweza kuwa wahandisi na wamepata alama sawa kwenye usaili wa mchujo. Karatasi ile ya mchujo, inayojibiwa na mamia ya watu kwenye kumbi za chuo wakati mmoja, inapima kumbukumbu na utulivu. Haiwezi kukuambia nani amekaa miaka mitatu na swali moja bila kulichoka.

Nani asiyezijua siku za usaili Dodoma? Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa Julai 2024, wengine wanashuka jioni na kurudi Dar es Salaam kesho yake, lakini wengi bado wanatafuta nyumba za wageni Makulu na Chadulu, maana barua ya wito inasema wazi kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Steshenari za karibu na chuo zinatoa kopi tangu alfajiri. Utamwona bwana mwenye uzamivu kabisa, bahasha ya kaki kwapani, anapanga foleni kwa wakili kugongewa mhuri nakala ya cheti cha kidato cha nne. Hakuna atakayemwuliza tasnifu yake ilihusu nini mpaka afike usaili wa mahojiano, na hapo ana dakika chache mbele ya jopo ambalo huenda halina hata mmoja wa fani yake.

Niseme kuhusu GPA, kwa sababu ndilo jambo linalowauma vijana kuliko yote. Kwa anayeomba ukufunzi msaidizi, ambaye hana kingine cha kuonyesha, 3.8 ni kipimo butu lakini kina faida moja kubwa: hakipokei simu. Mkubwa hawezi kupiga akaomba 3.6 isomeke 3.8. Nisingekiondoa. Kinachonishinda ni kuona kipimo hicho kikimfuata mtu maisha yake yote. Matangazo mengi ya nafasi ya mhadhiri, ambaye lazima awe na uzamivu, bado yanadai GPA ya shahada ya kwanza. Mtu amemaliza shahada ya kwanza kwa 3.5 akiwa na miaka 23, akafanya uzamili, akafanya uzamivu, amechapisha, ana kifaa alichokibuni kinachofanya kazi, na tunamrudisha kwenye somo la hesabu alilopata C mwaka wa pili. Aliyesoma uzamili wa utafiti mtupu, ambao vyuo vingi vya nje havitoi GPA, huanza safari ya barua za maelezo. Mtu huyo huyo akiomba kule DTU, iliyoko Lyngby pembeni ya Copenhagen, watamwuliza amefanya nini.

Na huo umri wa miaka 45! Kwetu uzamivu hupatikana kwa kuchelewa. Mtu anafundisha kwanza, anajenga, anasomesha wadogo zake, ndipo anarudi shule. Akiwa tayari mtumishi wa umma anasalimika. Akitoka kampuni binafsi, na uzoefu ule ambao chuo cha teknolojia kingepaswa kuulilia, mlango umefungwa.

Sasa njoo kwenye kazi za utafiti ambazo kweli zipo. Katika mikoa hii ya kati zipo nyingi, tena za mwaka mzima. Ni za vijana wa dodoso. Mradi unapata fedha kutoka nje, unahitaji watu wanane wa kwenda Kongwa, Bahi au Manyoni wiki mbili na vishikwambi, kaya kwa kaya, maswali tisini. Wanalipwa kwa siku. Wengi wao ni wahitimu wazuri wa vyuo hivi hivi. Wanajua Kigogo au Kinyaturu, wanajua mzee gani ajibu kwanza na swali gani lisubiri mama atoke jikoni. Wanarudi na data, wanarudisha vishikwambi, mkataba umeisha. Miaka miwili baadaye makala inatoka kwenye jarida, nao wametajwa kwa pamoja kwenye mstari wa shukrani, bila majina.

Hizo nafasi zinatangazwa wapi? Kwa sehemu kubwa hazitangazwi. Zinapita WhatsApp: "Una mtu wa kuaminika anayeweza kutoka Jumatatu?" Kichekesho ndicho hicho. Tumejenga ukuta mrefu kuzuia kujuana kwenye nafasi za kudumu, ambazo ndani yake utafiti ni mstari mmoja tu, huku kazi za utafiti zenyewe, zile zinazomfundisha kijana namna ya kuuliza na kupima, zikigawanywa kwa koneksheni mchana kweupe. Mhitimu asiyejuana na mtu wa mradi hana pa kuanzia. Hawezi kupata uzoefu wa utafiti kwa sababu hana uzoefu wa utafiti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kaskazini mwa jiji hili, Makutupora, bondeni kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma tangu enzi za mkoloni. Tangu mwaka 1955 kina cha maji katika visima vya pale kimekuwa kikipimwa na kuandikwa. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55, ukiongozwa na mtafiti wa chuo kikuu cha London, huku Watanzania wa sekta ya maji wakiwa miongoni mwa waandishi. Walichokiona ni kikubwa: maji yale hayajazwi na kila masika. Miaka mingi inapita bondeni pakipata kidogo au pasipate kitu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, kama zile za El Niño za 1997/98, na hifadhi ya chini ya ardhi inajaa kwa mkupuo. Kwa mpangaji wa jiji, habari hiyo ni ya kukosesha usingizi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo hili la Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179, na hapo magorofa ya Mtumba, mji wa serikali, yalikuwa bado yanapanda.

Tazama ajira zilizozaa matokeo yale. Kulikuwa na mtu, na baada yake mtu mwingine, aliyekwenda kisimani na tepu, akaiteremsha mpaka ikagusa maji, akasoma, akaandika kwenye daftari, mvua inyeshe isinyeshe, mwaka wa Uhuru, mwaka wa njaa, mwaka wa vita vya Kagera. Sijui kama kuna chuo chetu hata kimoja kilichowahi kutangaza nafasi ya namna hiyo. Kulikuwa na mtu aliyeyatunza madaftari yasiliwe na mchwa. Na kulikuwa na mtafiti mwenye mshahara uliomruhusu kukaa na takwimu hizo muda mrefu bila kuitwa kusimamia mtihani wa darasa la wanafunzi mia sita. Huyu wa tatu ndiye aliyetoka London. Sina kinyongo naye, kazi nzuri ni kazi nzuri. Ila madaftari yalikuwa yetu, na visima vyetu.

Kuna kada nyingine inayosahaulika kuliko hata mtafiti: fundi sanifu wa maabara. Katika maabara ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nilionyeshwa mashine ya kupima madini yaliyomo kwenye maji ikiwa imefunikwa kwa nailoni. Aliyefundishwa kuiendesha na kampuni iliyoiuza alikuwa amehamia taasisi nyingine, na kibali cha kumwajiri mbadala hakijatoka. Mwenyeji wangu aliifunua, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaifunika tena kwa uangalifu kama mtu anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa. Fedha ya kununulia mashine ilipatikana. Fedha ya mtu wa kuiwasha ilikuwa kwenye fungu jingine, na wizara nyingine.

Hili linanitia wasiwasi hasa kwa wakati huu. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wenye dola za Marekani milioni 425 za Benki ya Dunia tangu mwaka 2021, umejenga na kuzipa vifaa maabara katika vyuo vya umma nchi nzima, na umesomesha wahadhiri. Ni fedha ambayo vyuo vyetu havijawahi kuiona kwa wingi huo. Lakini mradi huwa na tarehe ya mwisho, na mashine haina. Mashine inataka mtu wa kudumu na fungu la vipuri kila Julai. Serikali nayo ilipoamua kutenga shilingi bilioni 1 katika mwaka wa fedha 2022/23 kuwatuza wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, nilipiga makofi. Bado tuzo humkuta aliyekwisha kufika. Asiye na maabara haimsogezi hata hatua moja.

Ahadi ya asilimia 1 ya pato la taifa kwenda kwenye utafiti tumeisikia tangu mwongo wa kwanza wa karne hii, na nchi za Umoja wa Afrika kwa pamoja zimeirudia mara kadhaa. Sitaizungumzia sana. Hata ikitimia kesho, fedha hiyo itafika kwenye vyuo visivyo na nafasi za kuitumia, itageuka warsha na posho za vikao.

Dodoma ina bahati ambayo miji mingi haina, na inaipoteza. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia, GST, ambayo mizizi yake inarudi mwaka 1925, yako hapa. Watafiti wa kilimo wa TARI Makutupora wanashughulika na zabibu, TARI Hombolo na mtama na uwele, na kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Mpwapwa ndiko alikozaliwa ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Wizara ya Maji iko Mtumba. Kati ya taasisi hizi na chuo kikuu ni safari ya daladala mbili au tatu, Mpwapwa ikiwa ndiyo mbali. Taasisi zina mashamba, visima, sampuli za mawe na kumbukumbu za miaka mingi. Chuo kina wanafunzi na, sasa, mashine. Maswali hayakosekani: mji huu uko karibu na nyufa za Bonde la Ufa, tetemeko la Novemba 2002 lilitukumbusha, na tangu hapo tumejenga juu yake serikali nzima. Udongo wa Mtumba unatikisikaje ukilinganisha na wa Area C? Hilo ni swali la uzamivu mmoja au mitatu, na vielelezo vyake viko kilomita chache kutoka darasani.

Kinachokosekana ni nafasi moja ya pamoja: mtu anayelipwa na chuo, siku mbili za wiki yuko GST, au kinyume chake. Ukiliuliza hilo, maofisa utumishi watakujibu kwamba mtumishi ana mwajiri mmoja na cheki namba moja. Ni kweli. Lakini utaratibu wa kuazimwa upo, watumishi huazimwa kila siku kwenda kwenye miradi na hata nje ya nchi. Kumwazima mtu avuke mji kwa siku mbili kusingemshinda katibu mkuu anayetaka.

Kwa hiyo ningependa nione tangazo la hivi: Mtafiti, maji chini ya ardhi, nafasi moja, miaka mitano, inayoweza kuongezwa kwa tathmini. Visima vya Makutupora vina kumbukumbu tangu 1955. Jiji limekua karibu maradufu katika miaka kumi. Tunataka kujua ni kiasi gani cha maji kinaweza kuchotwa katika miaka ambayo bonde halijazwi, na kama mvua ya msimu mmoja mkubwa inaweza kuelekezwa ardhini zaidi ya inavyozama yenyewe. Utafundisha somo moja kwa muhula. Utakuwa na fundi sanifu mmoja, gari siku mbili kwa wiki na fungu la uchambuzi wa sampuli. Awe na uzamivu na kazi ya kuonyesha. Usaili utakuwa mhadhara wa saa moja, wazi kwa umma, mbele ya wataalamu wa maji. Barua za maombi ziende Sekretarieti kama kawaida, ili simu ya mkubwa isipate pa kupigwa. Hilo la mwisho nisingeligusa.

Watu wa rasilimali watu watasema muundo wa utumishi hauna cheo hicho kwenye chuo kikuu. Sawa, kianze ndani ya cheo kilichopo: Mhadhiri, na chini ya majukumu iandikwe hiyo aya moja inayotaja visima. Muundo unaweka majukumu ya jumla; eneo la utafiti linaletwa na chuo chenyewe kinapoomba nafasi. Maombi ya ikama ya mwaka ujao wa fedha huandaliwa miezi mingi kabla ya Bunge kuketi hapa Aprili kupitisha bajeti, na huanzia kwenye kikao cha idara. Vikao hivyo navijua: agenda ya ikama huwa ya mwisho, saa saba mchana, watu wanataka kwenda kula, na mtu anasema tuchukue fomu ya mwaka jana tubadilishe tarehe. Mkuu wa idara akikataa kuisaini siku hiyo, kikao kitachelewa kuisha kwa saa moja hivi.